Panzi wa Kujazia

Jina la Mama Panzi alipewa na mama mkwe wake, na hakupewa kwa mapenzi. Wenzake walioolewa naye mwaka mmoja walikwisha kuitwa mama wa huyu na mama wa yule, yeye bado akiitwa jina lake la kuzaliwa kama msichana wa shule. Siku hiyo mama mkwe alikuja kuwatembelea. Akakuta barazani kizimba cha wavu kimejaa panzi, wanatafuna majani kama watu wanaotafuna bisi msibani, hawana haya. Akakitazama kizimba, kisha akamtazama mkamwana wake kutoka usoni kushuka hadi tumboni, na macho yakatua hapo tumboni yakapumzika.

"Haya," akasema, "angalau na wewe una wa kuwalisha. Hujambo, Mama Panzi?"

Mumewe alikuwa amekaa palepale, dereva wa lori la masafa marefu, katoka safari hata viatu hajavua. Akacheka. Maneno ya mama mkwe mtu huyatarajia, ni kama mvua ya msimu. Kicheko cha mume ndicho kilichomkaa Mama Panzi kooni kama mwiba wa samaki, hautoki wala haushuki. Na jina likashika. Muuza duka alilisikia akalitumia, majirani wakalitumia, mwisho hata chuo kikuu alikokuwa anasoma wakamwita hivyo, wao wakidhani ni jina la sifa.

Maana kazi yake ilikuwa hiyo kweli, panzi. Kila kiumbe, ndani ya chembe zake ndogo zisizoonekana kwa macho, kina vijiti vinavyobeba urithi wake. Ukubwa wa kichwa, urefu wa mabawa, rangi ya mgongo, yote yamo humo, na mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama. Vijiti hivyo huitwa kromosomu. Vya wanyama wengi ni vidogo, vinasumbua macho, lakini vya panzi ni vinene, chini ya hadubini vinaonekana kama vipande vya uzi wa sweta vilivyokatwa kwa mkasi. Ndiyo sababu wanaotaka kujua mambo ya ukoo wa viumbe hawawapi panzi nafasi ya kupumua.

Huchukuliwa dume. Hupasuliwa, kokwa zake zikatolewa, punje ndogo za manjano, zikalowekwa kwenye spiriti iliyochanganywa na asidi inayonuka kama siki. Halafu kipande chake huwekwa juu ya kioo, kikadondoshewa rangi ya damu ya mzee, kikafunikwa kwa kioo kingine chembamba kama ganda la kitunguu. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Unaweka karatasi ya kufyonza juu yake, unaweka kidole gumba, unabonyeza. Ukibonyeza kidogo, chembe zinabaki zimerundikana kama nguo chafu kapuni. Ukizidisha, kioo kinapasuka. Na kidole kikiteleza hata unywele mmoja, vijiti vinaburuzika na kazi ya siku nzima imekwenda na maji. Wapo wanafunzi walioacha masomo kwa sababu ya kidole gumba. Cha Mama Panzi kilikuwa cha kuzaliwa nacho. Kilikuwa na doa jekundu pembeni ya ukucha lisilotoka kwa sabuni wala ndimu, na mumewe alipokuwa na raha naye alilibusu akasema anakula jamu.

Panzi aliyemchagua alikuwa mfupi, rangi ya udongo, mabawa yake hayazidi kucha. Panzi huyo haruki. Anarukaruka tu, leo hapa kesho hatua mbili mbele, na alipozaliwa ndipo atakapofia. Walikuwa tele kwenye uwanja wa zamani wa ndege ng'ambo ya mto, ambako ndege hazitui tena na majani yamepasua saruji. Msimu wa kwanza aliwakamata karibu na lango, akawabonyeza, akawahesabu vijiti, wote wakawa sawa, vijiti vifupi, vingi. Profesa wake alivuta midomo. Mzee huyu alikuwa na miwani mbili, moja puani na nyingine ikining'inia kifuani kwa kamba, basi wanafunzi wakamwita Miwani. Miwani akamwambia kazi si mbaya, ila haina chumvi. Alete panzi wengi zaidi msimu ujao, wa uwanja mzima, labda kitaonekana cha kusemea. Bila hivyo udaktari wa kuhesabu vitu vinavyolingana ungemfikisha wapi? Kulikuwa na nafasi moja ya mhadhiri pale idarani, na aliyekuwa na cha kusemea ndiye angeipata.

Msimu wa pili ulipofika, mvua zimenyesha na panzi wamekomaa, Mama Panzi akateleza kwenye ngazi za maabara akavunjika kifundo cha mguu.

Hili ni jambo la kulielewa, maana ndilo lililozaa mengine. Panzi hawa hukomaa kwa pamoja na hufa kwa pamoja. Ukikosa majuma hayo machache, umekosa mwaka. Naye amelazwa kitandani, mguu umefungwa plasta mzito kama gogo, mume yuko barabarani na lori lake. Aliyekuja kumuuguza ni mama mkwe.

Alikuja na begi lake na uso wake wa mawe. Alimpikia, alimwogesha, hakusema neno tamu hata moja. Lakini siku ya tatu au ya nne alimkuta mkamwana wake analia, akadhani ni maumivu ya mguu. Alipoambiwa ni panzi, alivuta kigoda akakaa. Kisha akauliza mtu huwakamataje.

Mama Panzi hakuyaamini masikio yake. Akamwonyesha kwa wale wawili watatu waliobaki kizimbani. Jike, mkia wake una meno kama koleo, maana huchimba udongo atage. Dume, mkia umebinuka juu kama ncha ya ndizi. Mama mkwe akawageuzageuza vidoleni bila hofu, akasema kumbe ni kazi nyepesi, madume siku zote hujionyesha. Hapo walicheka pamoja kwa mara ya kwanza tangu ndoa.

"Uende uwanjani, Mama," Mama Panzi akamwelekeza, "ng'ambo, uzunguke kote. Madume tu. Na chupa ijae."

"Ijae mpaka wapi?"

"Mpaka shingoni. Wakubwa wangu wanataka wengi."

Mama mkwe akatwaa chupa kubwa ya plastiki, akaitoboa tobo za hewa kwa msumari wa moto, akajifunga mtandio kichwani, akaenda. Kila siku alivuka daraja asubuhi na kurudi alasiri, mgongo umepinda, chupa inatikisika kwa uhai. Aliimwaga kizimbani, akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda na kueleza mambo ya huko. Jinsi alivyomvizia dume mmoja mjanja nyuma ya jiwe. Jinsi mlinzi wa uwanja alivyomwuliza kama ana akili timamu, naye akamjibu kwamba akili anayo, ila mkamwana wake ndiye msomi. Alisema habari zake mwenyewe pia, kwamba alisoma mpaka alipoweza kuandika jina lake, akatolewa shule alee wadogo zake, na kwamba harufu ya chaki bado anaipenda. Mama Panzi alimsikiliza akaona aibu kwa miaka yote aliyomwogopa.

Jioni moja mama mkwe akiwa anamkanda vidole vya mguu alimwuliza, "Na hivi vijiti mnavihesabu ili iweje?"

Mguu ulikuwa unawaka moto siku hiyo. Na kusema kweli, hata kama usingewaka, asingeona haja.

"Ni habari ndefu, Mama. Wewe niletee tu."

Mama mkwe hakuuliza tena. Aliendelea kukanda.

Plasta ilipotolewa, Mama Panzi alirudi kwenye maabara yake akichechemea, akaanza kubonyeza zile kokwa alizokuwa akizitoa palepale kitandani na kuzitia kwenye spiriti. Kioo cha kwanza, vijiti vifupi kama mwaka jana. Cha pili, hivyohivyo. Kioo kilichofuata alipokitazama aliondoa jicho akafuta lenzi. Akatazama tena. Vijiti vilikuwa vichache, na baadhi yake virefu, kama vile vifupi viwili vimeshikana mikono kuwa kimoja. Panzi yuleyule kwa sura, mkia uleule, rangi ileile, ila ndani ni mwingine kabisa.

Akabonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Karibu nusu walikuwa wa vijiti vifupi, waliobaki wa virefu. Kilichomfanya asimame na kuzunguka chumba ni hiki. Kama panzi hao wangekuwa wanaoana, angepatikana chotara, mwenye kirefu kutoka kwa mzazi mmoja na vifupi viwili kutoka kwa mwingine. Alimtafuta chotara huyo kwenye kila kioo. Hakuwepo. Maana yake koo mbili zinakaa kwenye majani mamoja, zinalala kitanda kimoja, na wala hazigusani. Vitabu vinasema jambo hilo ni nadra, na mtu akilipata hulishika kwa mikono miwili.

Mtu wa kujiuliza angejiuliza mbona msimu wa kwanza hakumwona hata mmoja wa vijiti virefu. Naye alijiuliza. Akajijibu kwamba msimu wa kwanza alikamata langoni tu, safari hii Mama alizunguka uwanja mzima. Jibu lilikuwa zuri, na mwenye njaa haulizi chakula kimetoka jiko gani.

Miwani alibadilisha miwani zote mbili juu ya ile hadubini. Aliagiza chai, akamimina mwenyewe. Makala ikaandikwa, jina la Mama Panzi likiwa mbele na la Miwani nyuma yake, ikachapwa kwenye jarida la wataalamu, barua za pongezi zikaja. Tasnifu ikakamilika. Ikapangwa siku ya kuitetea mbele ya wakubwa, na ile nafasi ya mhadhiri ikawa inasemwa kama imekwisha pata mwenyewe. Mumewe alinunua suti. Na mama mkwe, ambaye sasa alilitamka jina la Mama Panzi kwa kuinua kidevu, alikuja na begi lake kusaidia kupika, maana wageni watakuwa wengi.

Ilibaki juma moja, na panzi wa msimu wa tatu walikuwa wamekomaa. Walikaa barazani wanachambua mchele, mama mkwe, Mama Panzi, na jirani yao fundi cherehani aliyekuja na nguo za kujaribisha. Fundi akauliza, kwa utani, je ni kweli bibi mzima alikuwa anakimbizana na panzi porini? Mama mkwe akacheka, akaweka ungo chini ili apate mikono ya kusimulia.

Akasema kukimbizana si shida, shida ni jua. Siku za mwanzo walikuwa wengi, baadaye wakaadimika, unazunguka mpaka kichwa kinauma huna hata nusu chupa. Naye hakutaka mkamwana wake aaibike mbele ya wakubwa zake kwa chupa nusu. Basi akirudi alipitia hapa nyuma, kwenye shimo la udongo la wafyatua matofali, upande wetu huu wa mto. Wamejaa tele, walewale, mkia wa ndizi uleule, wala hawana mbio.

"Nikawa najazia hapo," akasema. "Haba na haba hujaza kibaba. Mwenyewe hakujua, alikuwa kalala na gogo lake."

Fundi akacheka mpaka sindano ikamdondoka mdomoni. Mama Panzi naye alicheka, ndivyo uso ulivyofanya wenyewe. Mikono iliendelea kuchambua. Baadaye mama mkwe alipoutazama ungo wa mkamwana wake alimkemea kwamba ametupa mchele na kubakiza mawe.

Mama Panzi alijifunga kitambaa akasema anakwenda dukani. Akazunguka nyuma, akashuka kwenye shimo la matofali na suruali yake ya nyumbani, wafyatuaji wakimshangaa, akakamata panzi kwa mikono. Kesho yake alivuka daraja akakamata wengine uwanjani, siyo langoni, katikati kabisa, na mwisho kabisa ambako uzio umeanguka. Akajifungia maabara. Wa matofali wote walikuwa na vijiti virefu. Wa uwanjani wote walikuwa na vifupi. Hakukuwa na koo mbili kwenye majani mamoja. Kulikuwa na mto, kila ukoo upande wake, na mama mkwe na chupa yake ndio daraja. Chotara angepatikana wapi? Panzi hao walikutana kwa mara ya kwanza kwenye kizimba cha barazani, na siku chache baadaye wakaingia kwenye spiriti.

Alimpelekea Miwani vile vioo. Mzee alitazama, akakaa, akavua ile miwani ya puani ikaning'inia pamoja na mwenzake.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na mama mkwe wangu. Yeye hajui kwamba anajua."

"Basi hajui," Miwani akasema. "Na panzi hawatoi ushahidi."

"Mwakani mtu atakwenda pale na wavu."

"Mwakani wewe utakuwa daktari. Atakayekwenda na asiwapate, atasema dawa za kuua wadudu zimewamaliza. Mambo hayo hutokea."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemfunika mwenzake shuka. Mama Panzi akarudi nyumbani, akalala na maneno hayo siku kadhaa, akayapenda. Asidanganye mtu kwamba alikuwa malaika. Alivaa gauni alilolishona fundi, akajitazama kwenye kioo, akajizoeza kusema uongo huo kwa sauti ya kawaida, na aliuweza. Kilichomshinda ni yule mtu mwenye wavu. Alimwona kila akifumba macho, kijana asiye na sura, anavuka daraja, anainama kwenye majani. Alijua atamngoja mtu huyo maisha yake yote, kila barua ikija, kila simu ikilia. Hakuwa na moyo wa kungoja hivyo.

Akaliandikia jarida na chuo kwamba panzi wa sehemu mbili walichanganywa wakati wa kukusanya, kosa ni lake, makala iondolewe. Jina la mama mkwe hakulitaja. Akaomba msimu mmoja tu, aandike upya habari ya kweli, kwamba mto umegawa panzi mmoja akawa wawili. Hilo nalo lilikuwa jambo, tena zuri. Wakamjibu kwamba muda wake wa masomo umekwisha, na kwamba idara imepata fedheha ya kutosha. Nafasi ya mhadhiri akapewa mwingine. Mvua zilizofuata, Miwani alimtuma mwanafunzi wake mpya na wavu pande zote mbili za mto, na makala ikachapwa, panzi wa uwanjani huku, panzi wa matofali kule, majina mawili juu yake na hakuna la Mama Panzi. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Yeye akaenda kufundisha sekondari, shule yenye hadubini moja ambayo lenzi yake imeota ukungu.

Kwa mumewe alisema tu kwamba mambo yaliharibika. Suti ikarudishwa kabatini. Na mama mkwe, aliyekuwa amepika kwa ajili ya wageni ambao hawakuja, alifunga begi lake bila kuuliza. Yeye alikwisha kuambiwa mara moja kwamba ni habari ndefu. Lakini huko kwao, mtaa ulio juu zaidi kando ya mto huohuo, alisema. Alisema mkamwana wake ana elimu ya kuanza, ya kumaliza hana.

Mama Panzi alivumilia. Alijiambia kwamba anamhifadhi bibi wa watu, asije akabeba mzigo asioujua uzito wake. Kila akijiambia hivyo alijisikia mtu mwema, na wema huo ulimkaa tumboni kama wali uliolala.

Yalitoka siku walipokwenda kwa wifi yake, aliyehamia nyumba mpya na kuita ndugu waje waione. Ilikuwa mchana, watu wameshiba, chai imemiminwa. Mmoja wa shangazi za mume, asiye na habari, akauliza ile shahada ya udaktari imefikia wapi, maana yeye bado anangoja kualikwa.

"Msimwulize," mama mkwe akajibu kabla mwenyewe hajafungua kinywa. "Mimi nilipinda mgongo nikamjazia chupa mpaka shingoni. Yeye kazi yake ilikuwa kuhesabu tu, ikamshinda. Ningeweza ningemzalia pia."

Watu wakacheka, wengine wakiziba midomo. Mama Panzi alimtazama mumewe. Naye alikuwa anacheka, kicheko kilekile cha barazani, viatu miguuni.

"Mama," akasema, na hakupandisha sauti, "wale wa kwenye matofali hawakuwa walewale. Vijiti vyao ni vingine. Ulipojazia, ulichanganya koo mbili, nami nikawaandikia watu kwamba zinakaa pamoja. Ulipotuhadithia barazani ndipo nilipojua. Ndiyo maana yote yakaanguka."

Mama mkwe hakutikisika. Alikuwa ameshika kikombe, akakitua kwenye kisahani polepole, kwa vidole vilevile vilivyojua kumgeuza panzi asivunjike mguu.

"Uliniambia chupa ijae."

"Nilikuambia uwanjani, Mama."

"Uliniambia uwanjani. Ukaniambia madume. Ukaniambia ijae. Nikakuuliza vijiti mnavihesabu ili iweje, nikikukanda mguu, ukanijibu ni habari ndefu." Akamtazama sawasawa. "Leo umenisimulia. Chai yangu haijapoa."

Mama Panzi alikuwa amewaeleza habari ile wageni waliotoka nchi za mbali, alikuwa amemweleza mlinzi wa lango ili amruhusu kuingia, alikuwa amemweleza mpaka mkaguzi wa mizigo mmoja aliyetaka kufungua sanduku lake la vioo. Akatafuta moyoni siku moja tu aliyomweleza huyu.

"Wanasema asiyejua maana haambiwi maana," mama mkwe akaongeza, akiwageukia wengine kama anayefunga kikao. "Lakini mimi niliuliza." Akaomba aletewe begi lake.

Njiani kurudi mume aliendesha mpaka darajani, kisha akasema bora angenyamaza tu. Mama Panzi akamwambia na yeye bora angeacha kucheka tu.

Tangu siku hiyo mama mkwe hakumwita Mama Panzi tena, wala jina jingine. Akipiga simu humwuliza mwanawe, mke wako hajambo? Mtaani jina lilibaki, muuza duka bado analitumia, ila sasa linasikika kama jina la duka lililokwisha fungwa.

Mvua zikaja tena. Jumamosi moja mume alitoka kumsalimu mama yake, akarudi na kitu kimefungwa kwenye mtandio mkuukuu, akakiweka mezani. Mama Panzi akafungua fundo. Ilikuwa ile chupa ya plastiki, tobo zilezile za msumari. Ndani mlikuwa na panzi wafupi, rangi ya udongo, wanapandana na kuteleza. Akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Wote walikuwa na mkia wa ncha ya ndizi. Hawakufika hata nusu.

"Amesemaje?"

"Amesema nikuambie hawa ni wa mahali pamoja."

"Mahali gani?"

Mume akainua mabega. Hakuuliza, yeye alipewa mzigo akaleta. Akaingia ndani kuoga.

Mama Panzi alikaa na chupa mapajani. Huenda ilikuwa kuomba radhi. Huenda ilikuwa kejeli, bibi yule aliijua kejeli kama anavyoijua njia ya kwao. Huenda zilikuwa zote mbili. Maabara hakuwa nayo, spiriti hakuwa nayo, na kidole chake kilikwisha takata, doa lilitoka lenyewe bila ndimu. Kilichobaki ni kuwaachia waende zao. Akasimama, akafika mpaka mlangoni, akasimama tena. Nyuma ya nyumba lilikuwa shimo la matofali. Ng'ambo ya daraja ulikuwa uwanja. Na huko kwa mama mkwe, juu kando ya mto, mwenye miguu angeweza kushuka ukingo wowote autakao. Akiwaachia upande usio wao, atakuwa yeye sasa ndiye aliyechanganya, kwa kujua. Kwa macho hawatofautiani. Wa kujua walitoka wapi alikuwa mtu mmoja tu, na swali lenyewe lilikuwa fupi kuliko pumzi.

Simu ilikuwa mezani. Aliitazama. Alijua namba kwa moyo.

Akairudisha chupa dirishani, akawatilia jani moja la mboga kupitia mdomoni, akafunga. Jioni waliposikika wanatafuna, mume alisema ungewafungulia hao, watakufa. Akamjibu kesho. Keshoye alisema kesho. Siku waliponyamaza alikuwa jikoni, akasikia ule ukimya kabla hajaenda kutazama, na simu ilikuwa bado palepale mezani.